Mfupa Haukomai Peke Yake



Neno moja la Kiswahili, tena neno tulilolijua tangu utotoni, lilituchelewesha miezi minne kumpatia binti yetu matibabu. Hatusemi haya kwa kulilaumu neno. Neno halina kosa. Kosa ni letu sisi tuliolisikia kama tulivyotaka kulisikia. Lakini kwa kuwa akina mama wengi hulisikia neno hilohilo wanapompeleka mtoto kupimwa uzito, tumeona si vibaya kulikalia kitako leo: lina maana gani, lina ndugu gani katika lugha, na vipi linaweza kumpoteza mtu mwenye akili zake timamu.

Neno lenyewe ni komaa.

Sisi ni watu wa Mombasa tuliohamia Eldoret kwa ajili ya kazi. Mtoto wetu wa tatu alizaliwa hukuhuku, mwezi wa Julai, baridi ya Uasin Gishu ikiwa imeshika. Alipofika miezi 14 alikuwa akisimama kwa kushikilia kiti lakini hapigi hatua. Utosi wake ulikuwa bado mpana. Miguu ilikuwa imepinda kwa nje, na vifundo vya mikono vilikuwa vimetuna kana kwamba amevishwa bangili chini ya ngozi. Tulimpeleka katika zahanati iliyo karibu nasi. Muuguzi alimpima uzito, akamgusa miguu, akasema, "Mama, mifupa ya huyu mtoto haijakomaa." Foleni ilikuwa ndefu, na yeye alikuwa peke yake mezani. Huenda alisema na mengine. Sisi tulilishika hilo moja, tukarudi nyumbani tumetua moyo.

Tulitua moyo kwa sababu ya herufi mbili. Kiswahili kina -ja-, na -ja- hubeba ahadi ndani yake. Mtu akisema "wali haujaiva", hujui tu kwamba wali ni mbichi. Unajua pia kwamba uko motoni, na kwamba ukingoja utakula. "Mgeni hajafika" maana yake weka buli tayari. Kwa hiyo "mifupa haijakomaa" masikioni mwetu ilikuwa habari njema: iko njiani. Laiti tungeambiwa "mifupa haikomai" tungeshtuka, tukauliza maswali, tukafunga safari siku ileile.

Usiku huo tulimpigia simu bibi yake mtoto, aliyeko Mombasa. Alicheka. "Si niliwaambia? Mwacheni mtoto, wanangu. Dafu halilazimishwi kuwa nazi."

Hapo ndipo asili ya fikira zetu. Mtu wa pwani akisikia komaa haoni mfupa; huona mti. Mnazi una hatua zake, na kila hatua ina jina: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. (Hicho kitale si huu mji jirani yetu wa kaskazini, ingawa watoto wetu walilipata jambo hilo kuwa la kuchekesha sana siku ya kwanza tulipopita huko.) Koroma ndiyo hatua ambayo dafu limeanza kukaza: maji yamepungua utamu, nyama imeshika, lakini bado si nazi ya kukunwa. Hakuna mkwezi apandaye kulisaidia. Jua, mvua na siku hufanya kazi yao, na mwenye shamba hungoja. Vivyo hivyo ndizi. Mkungu uliokomaa hukatwa ungali kijani kibichi. Kuiva ni jambo jingine, huja baadaye ndani ya nyumba. Komaa ni kufikia ukubwa na ugumu wa umbile lako. Iva ni kuwa tayari kuliwa. Lugha yetu haivichanganyi viwili hivyo, nasi huona ni katika uzuri wake.

Kutoka mtini neno likahamia kwa watu. Mtu mkomavu ni yule ambaye akili yake imekaa sawa. Twasema ukomavu wa siasa, ukomavu wa lugha. Ndugu zetu wa Tanzania, hasa vijana, wamelipeleka mbali zaidi: kwao "komaa nayo" ni kushikilia jambo bila kulegea. Nao Wanyarwanda na Warundi wana "komera", neno la kumtia mtu nguvu, maana yake kuwa imara. Sikio la Mswahili haliwezi kulisikia bila kulifikiria komaa.

Tazama sasa umbo la kitenzi chenyewe. Kiswahili kina kundi la vitenzi vinavyoishia kwa -aa, na vingi katika hivyo hueleza hali inayomfikia mtu au kitu bila mtendaji kuonekana: kuchakaa, kukakamaa, kuduwaa, kuzubaa, kudumaa. Nguo huchakaa, hatuulizi nani ameichakaza. Komaa limo katika ukoo huo. Kila tulipolitamka, lugha ilikuwa ikituambia chini kwa chini kwamba hili ni jambo linalotokea lenyewe. Nasi hatukuona kwamba kudumaa nako kumekaa katika safu ileile, nafasi moja tu pembeni.

Miezi ikapita: 15, 16, 17. Tulimfunika vizuri kwa baridi. Tulimpa uji. Tulimsomea dua. Hatukuacha kumwomba Mwenyezi Mungu, lakini tulikuwa tumeacha kuuliza.

Aliyetuamsha ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, mama wa Kikalenjin mwenye watoto wanne wakimbiaji. Mji huu, kama mjuavyo, umejaa watu wenye miguu ya chuma. Ukitoka baada ya Alfajiri hukutana na vijana wakipita barabarani kwa makundi, pumzi zao zikitoka kama moshi. Mama huyu ameishi kati ya miguu ya namna hiyo maisha yake yote, na jicho lake ni la fundi. Siku moja alimbeba binti yetu, mtoto akalia kwa uchungu. Akamrudisha mikononi mwetu taratibu, akasema kwa Kiswahili chake kisicho na mapambo, "Huyu anaumwa mifupa. Mtoto mwenye miezi 18 halii akibebwa. Mpelekeni hospitali kubwa, si kesho, leo."

Daktari aliyempokea alikuwa mtu mpole. Alimgusa vifundo vya mikono, kisha akapitisha kidole juu ya mbavu, na akatuomba nasi tupitishe. Pale mbavu zinapokutana na gegedu palikuwa na vinundu vidogo vilivyopangana kwa safu. Alituambia kuwa vitabu vya udaktari vinavifananisha vinundu hivyo na shanga za tasbihi. Tulinyamaza. Ni tasbihi ambayo hatukupenda kuihesabu.

Picha ya mifupa ilionyesha kingo zilizochakaa na kupanuka pale ambapo kwa mtoto mwenye afya huwa na ukingo mweupe ulionyooka. Tulipoulizwa kwa nini tumekawia, tulijibu kwa ukweli kwamba tuliambiwa mifupa haijakomaa. Daktari akatutazama kidogo. "Ni kweli haijakomaa," alisema. "Na mkikaa kuingoja, haitakomaa. Mfupa haukomai peke yake. Hukomazwa."

Ni sentensi hiyo iliyotufanya tuandike. Komaa na komaza: tofauti ni silabi moja, na ndani ya silabi hiyo kuna mtendaji, kuna kazi, kuna chakula, kuna jua. Wazungu waliolichukua neno lao la kitabibu kutoka Kilatini walilichukua likiwa tayari na mtendaji ndani yake, kwa kuwa limeundwa kwa maneno mawili, mfupa na kufanya: kuufanya kuwa mfupa. Sisi tuna komaza katika kamusi zetu, kitenzi halali kabisa, lakini katika mazungumzo ya malezi twalitumia kwa nadra. Twasema mtoto amekomaa. Hatusemi tumemkomaza.

Kiarabu nacho kina jambo katika mlango huu, na wasomaji wetu watalifurahia. Mfupa kwa Kiarabu ni 'adhm, kutoka mzizi wa herufi tatu: ayn, dhaa na mim. Mzizi huohuo ndio uliotupa Kiswahili adhama, yaani utukufu, kuadhimisha, taadhima tunayowapa wakubwa, na ndio unaobeba jina la Mola wetu, Al-Adhiim, tunalolitaja katika kila rukuu, migongo yetu ikiwa imeinama. Mabingwa wa tiba wanaoandika kwa Kiarabu huita kugeuka kwa gegedu kuwa mfupa ta'adhum, na neno hilohilo katika lugha ya kawaida huweza kuwa kujikweza. Ukubwa na mfupa, nyumba moja. Twadhani Waarabu wa kale waliona jambo la wazi: kilichosimama kimesimama kwa mifupa yake. Naye Nabii Zakaria, alayhi salaam, kama tusomavyo katika Sura Maryam, alipomwelezea Mola wake uzee wake alianza na udhaifu wa mifupa kabla ya kutaja mvi.

Basi mfupa hukomazwaje? Daktari alitueleza kwa mchoro wa penseli. Sisi tutaeleza kwa nyumba, kwa kuwa ndiyo iliyotusaidia kumfahamisha bibi.

Mtoto akiwa tumboni, sehemu kubwa ya kiunzi chake ni gegedu, kitu kama ncha ya pua au sikio, kinachopindika na kurudi. Anapozaliwa ana vipande vya mifupa vipatavyo 300, na akiwa mtu mzima vimeungana kubaki 206. Katika kila kipande seli za mfupa hutandaza kwanza nyuzi, kama vile mjenzi wa nyumba ya udongo anavyofunga fito. Nyumba ya fito tupu husimama, lakini ukiisukuma huyumba. Kinachoikaza ni kile kinachokandikwa juu yake. Katika mfupa, cha kukandika ni madini ya kalisiamu na fosforasi. Na kalisiamu ndiyo iliyomo katika chokaa. Wazee wetu waliochoma matumbawe katika matanuu wakapata chokaa ya kujengea Lamu na Mombasa walikuwa wakishughulika na madini yaleyale ambayo Mola huyatumia kukandika mguu wa mtoto.

Lakini madini hayaingii mwilini kwa hiari yake. Mtoto anaweza kupewa maziwa, na kalisiamu iliyomo ikapita tumboni kama meli iliyotia nanga Kilindini bila hamali wa kupakua shehena. Hamali huyo ni vitamini D. Yeye ndiye anayeyawezesha matumbo kuyapokea madini. Na hamali huyu, ajabu yake, si hasa wa chakula. Mwili humtengeneza wenyewe kwenye ngozi inapopigwa na jua. Jua lenyewe lazima liguse ngozi. Likipitia kioo cha dirisha halifai, kwani kioo huzuia ile mionzi isiyoonekana, ya urujuanimno, inayofanya kazi. Miezi yote ile tulikuwa tukimlaza binti yetu dirishani, nyuma ya kioo, tukiona tunampa jua. Tulikuwa tukimpa joto tu.

Watu wa Ulaya walilijua gonjwa hili kabla yetu kwa sababu miji yao ilijaa moshi na mawingu. Mwingereza Francis Glisson alilichapishia kitabu mwaka 1650. Hata hivyo ilichukua miaka mingine karibu 270 kufahamu dawa yake. Mwaka 1919 Edward Mellanby, huko Uingereza, aliwafungia vitoto vya mbwa ndani na kuwalisha nafaka, miguu ikapinda, kisha akaonyesha kuwa mafuta ya ini la samaki huzuia hali hiyo. Mwaka huohuo Kurt Huldschinsky, mjini Berlin, aliwaponya watoto wanne kwa taa ya mionzi. Nani alikuwa sahihi, mwenye mafuta au mwenye taa? Aliyelitazama jambo hilo kwa watoto wenyewe alikuwa mwanamke, Harriette Chick, aliyekwenda Vienna baada ya vita, mji ukiwa na njaa na watoto wengi wenye miguu iliyopinda. Yeye na wenzake walionyesha kuwa vyote viwili huponya, mafuta na jua. Mwaka 1922 Elmer McCollum, Marekani, akaipa vitamini hiyo herufi yake, D. Twamtaja Bibi Chick kwa makusudi, kwa kuwa habari za namna hii zikifika kwetu huwa zimekwisha kuvuliwa majina ya wanawake.

Sasa swali ambalo msomaji atakuwa ameshaliuliza: Eldoret ina moshi gani? Mji huu uko karibu kabisa na Ikweta, nusu daraja tu kaskazini yake. Jua lipo mwaka mzima. Vipi mtoto akose jua hapa?

Jibu letu, na hili ni la kwetu wala si la daktari, ni kwamba tulihama na adabu zetu zote lakini hatukuhama na nyumba. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na kiwanda. (Siku hizi neno hilo limechukuliwa na viwanda vya nguo na saruji, lakini kwa wazee wetu kiwanda ni uwanja wa ndani ya nyumba, uliozungukwa na kuta na wazi kwa juu.) Hapo mwanamke alikaa na nguo zake za nyumbani, akapepeta mchele, akasuka nywele, akamkanda mtoto kwa mafuta ya nazi, na jua likamfikia yeye na mtoto bila jicho la mgeni kufika. Stara na jua vilikaa pamoja. Hata nyumba za kawaida za Mombasa zilikuwa na ua wa nyuma. Hapa tunakaa ghorofa ya tatu. Tunatoka tumejisitiri, kama ipasavyo, na tukirudi tunafunga mlango kwa baridi. Nyuzi za usiku hushuka hadi 10 au chini yake. Mtoto anavishwa soksi, kofia, fulana mbili na blanketi. Mama hana jua, na maziwa ya mama aliyepungukiwa huja na upungufu wake. Maziwa ya mama yana heri isiyo kifani, lakini vitamini D iliyomo ni kidogo hata mama awe mzima kiasi gani. Nasi watu wa ngozi nyeusi tunahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko weupe. Kwa hiyo binti yetu alikuwa Eldoret, chini ya jua la Ikweta, akiishi kama mtoto wa mji wenye moshi.

Tunasema hivi kwa tahadhari, maana tumesikia watu wakilitumia jambo hili kuisema hijabu. Si hijabu iliyompinda mtoto miguu. Wazee wetu walijisitiri na watoto wao walisimama wima. Kilichopotea ni kiwanda.

Kuna na upande wa chakula, ambao hatutaupamba. Upungufu wa kalisiamu wenyewe, hata kwa mtoto aliyeota jua, huleta matege yaleyale, na watoto wengi wa Afrika huugua kwa njia hiyo: wanalishwa uji wa mahindi mtupu na chai ya rangi. Sisi tulikuwa na aibu yetu ndogo. Soko la hapa limejaa omena wa Ziwa Viktoria, samaki wadogo wanaoliwa wazima na mifupa yao, nasi watu wa pwani tulikuwa tukiwapita pua juu, tukisema samaki ni changu na tafi. Leo tunawakaanga, tunawasaga, tunautia unga wao kwenye mchuzi wa mtoto. Na jirani yetu hutuletea maziwa kila juma. Mursik tumeshindwa, tunakiri. Kinywa cha mtu mzima hakijifunzi upesi. Watoto wanayanywa bila shida.

Matibabu aliyopewa binti yetu yalikuwa vitamini D kwa kipimo cha daktari, pamoja na kalisiamu. Hatutataja kipimo hicho, kwa sababu kilikuwa chake na ugonjwa wake, na vitamini hii ikizidi hudhuru. Tutataja kile cha kinga tu, kilichomo katika makubaliano ya wataalamu wa nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2016: uniti 400 kwa siku kwa kila mtoto katika mwaka wake wa kwanza. Ni matone machache. Daktari alitueleza kwamba kwa mtoto mchanga matone ni njia ya uhakika kuliko kumpima jua, na kwamba si vyema kumwacha mtoto wa miezi michache juani kwa muda mrefu. Muulizeni daktari au muuguzi wenu juu ya matone hayo, tena ulizeni mapema.

Na msije mkaogopa kila mguu uliopinda. Watoto wengi huwa na matege kidogo wanapoanza kutembea, na kufikia miaka 2 hivi miguu hunyooka yenyewe. Hapo bibi ana haki yake yote na dafu lake. Kinachopaswa kumtoa mtu nyumbani ni matege yanayozidi badala ya kupungua, vifundo vilivyotuna, utosi usiofunga ambapo wenzake wameshafunga, mtoto anayelia akibebwa, mtoto aliyepita miezi 18 bila kutembea. Binti yetu alikuwa na yote matano. Wahenga wametuambia samaki mkunje angali mbichi. Sisi huusoma msemo huo kwa malezi ya tabia, lakini mfupa nao ni samaki: ukiwa mbichi hukunjika vibaya kwa uzito wa mtoto mwenyewe, na ukiwahiwa hunyooka, ukishakauka umepinda, daktari wa upasuaji ndiye atakayeukunjua.

Wiki kadhaa baada ya kuanza dawa tulirudi kupigwa picha. Daktari aliiinua kwenye mwanga akatuonyesha, pembeni mwa ule ukingo uliochakaa, mstari mwembamba mweupe ambao haukuwapo mwanzo. "Hiyo ni chokaa yenu," akasema. Tulimshukuru Mola tukiwa tumesimama palepale. Miezi mitatu baadaye mtoto alivuka sebule kutoka kiti hadi mlango, akashangaa mwenyewe, akaketi chini.

Bibi alikuja kututembelea mwezi wa Desemba, kukiwa kukavu. Tulimweleza habari yote, ya fito na chokaa na hamali, naye akasikiliza kwa kimya kisicho cha kawaida yake. Kisha akasema, "Kumbe lile dafu lenyewe hukomazwa na jua. Mimi nimelisema neno nusu." Tulimwambia wote tulilisema nusu. Yeye mwenyewe ana umri ambao mifupa hurudi kulegea. Mwanamke akifika ukomo wa hedhi, mwili hupoteza kile kilichokuwa kikiuhifadhi mfupa, na madini huanza kuondoka polepole. Neno ukomo nalo limetoka kwa koma. Alikuwa ameshavunjika kifundo cha mkono mara moja kwa kuanguka kidogo tu msalani, na hakuna aliyemwambia kwamba mambo hayo yanahusiana. Tulimpeleka kwa daktari yuleyule, akaelekezwa kwa mwenzake wa watu wazima.

Jengo letu lina paa tambarare lenye matangi ya maji na kamba za nguo. Tulizungumza na mwenye nyumba na majirani, tukatundika mashuka ya zamani pande tatu, na tukakubaliana kwamba saa nne hadi saa tano asubuhi paa ni la wanawake na watoto. Mlango wa ngazi hufungwa kwa ndani. Huja sisi, huja mama wa wakimbiaji, huja dada wawili wa Kisomali kutoka jengo la pili na vichanga vyao. Tunavua mitandio, tunakunja mikono ya nguo, tunachambua omena. Upepo ni wa baridi lakini jua ni kali. Bibi alilipa mahali hapo jina siku ya kwanza alipopanda, akihema kwa ngazi: kiwanda.

Siku moja mmoja wa wale dada alisema kwamba mwanawe wa miezi 15 hajasimama, na kwamba ameambiwa mifupa haijakomaa. Bibi aliweka ungo chini.

"Mwanangu," akasema, "rudi ukaulize vizuri. Haijakomaa, au haikomai?"

Alikwenda Jumatatu, na bibi alifuatana naye.